Hesabu za Biashara: Ukisema Ndio, Ni Pesa Gani Itasonga?

Karibuni tena. Barua za mwezi huu zimetoka Kariobangi, Pipeline, Ngara na Gikomba, na ukiziweka pamoja unaona zote zinalia kitu kimoja, mtu ako na uamuzi wa haraka mbele yake, wiki hii ama mwezi huu, na hesabu aliyopiga inamwambia kitu na roho inamwambia kingine. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ukiielewa hiyo, zingine unaweza kujijibu mwenyewe.

SWALI: Habari ya kazi Mhasibu. Mimi nashona dastikoti na yunifomu hapa Kariobangi, niko na mafundi watatu, wawili nawalipa 150 kwa kila pisi na mmoja yuko kwa mshahara, 15,000 kwa mwezi. Kawaida tunatoa dastikoti kama 150 kwa mwezi na tunauza 1,100 moja. Sasa kuna shule imeniambia inataka 200 mwezi huu lakini wanalipa 780 tu. Nimepiga hesabu vizuri: kitambaa mita mbili na nusu kwa 180 ni 450, vifungo na uzi 40, kushona 150, stima 10, rent 120 kwa kila pisi, mashine kuzeeka 50, na mshahara wangu 80. Jumla 900. Kwa hivyo nikikubali nakula hasara ya 120 mara 200, hio ni 24,000! Bwanangu anasema nikatae. Lakini mashine zimekaa tu, Januari ndio kuna kazi, saa hizi hakuna, na huyo fundi wa mshahara mchana mzima yuko kwa simu. Nifanye nini? Halafu, kwa stoo niko na mita 120 za kitambaa cha bluu za oda ilikufa mwaka jana, nilinunua 210 kwa mita, sijui niihesabu aje. Mama Dastikoti.

JIBU: Mama, pole na hongera. Hongera kwa sababu umeandika kila kitu hadi uzi, wengi wanaoniandikia wanasema tu "nadhani napata faida". Hesabu yako ya 900 si mbaya, ni hesabu nzuri ya swali lingine. Hio ndio unatumia mwisho wa mwaka kujua kama duka linajilipa, ama ukipanga bei ya kila siku. Lakini swali la leo ni dogo kuliko hilo. Swali la leo ni: nikisema ndio kwa hii oda, ni pesa gani itatoka mfukoni yenye haingetoka, na ni gani itaingia yenye haingeingia? Basi. Kila shilingi yenye itabaki vile ilivyo ukisema ndio ama ukisema la, itoe kwa karatasi, haina maneno hapa. Zile zinazobaki kwa karatasi, zenye zinasonga, wahasibu tunaziita gharama husika.

Tuchukue moja moja.

Rent. Landilodi atakuja tarehe tano, ushone dastikoti 200 ama usishone hata moja, na atachukua 18,000 yake ileile. Ile 120 kwa pisi ulipata kwa kugawa 18,000 kwa dastikoti 150, lakini hakuna mahali landilodi atakuongezea 120 kwa sababu umeshona moja zaidi. Toa. Mashine kuzeeka, ile 50, hio ni pesa ulishatoa siku ulinunua mashine na unaigawanya kwa karatasi, hakuna mtu unampelekea hio 50. Toa. Ila kama kazi nyingi itakufanya uite fundi wa mashine kuseti ovaloku, hio servis ya kweli ihesabu. Mshahara wako, 80, utakuwa hapo dukani ukishona ama ukipiga stori, kwa hivyo toa, isipokuwa kama hii oda itakufanya uache kitu kingine kinachokulipa.

Fundi wa mshahara ndio watu wengi hukosea. 15,000 yake inatoka tu. Umesema mchana yuko kwa simu, basi akishona dastikoti 70 za hii oda, kushona kwazo kunakugharimu sifuri. Hizo 70 nimekadiria mimi, wewe unamjua, angalia mkono wake. Zilizobaki 130 watashona wale wa pisi, 130 mara 150 ni 19,500, na hio ni pesa ya kweli.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo moyo huuma. Zile mita 120 ulinunua 210 kwa mita, jumla 25,200, na hio pesa ilienda mwaka jana. Haiko. Ukikubali oda haitarudi, ukikataa haitarudi. Kwa hivyo usiandike 210. Usiandike sifuri pia, manake kitambaa si takataka. Jiulize, nisipokitumia hapa nitakifanyia nini? Nilipokupigia simu kuuliza, ukaniambia kuna mtu Gikomba aliwahi kukuambia atachukua kwa 100 mita. Basi hio 100 ndio gharama yake, kwa sababu ukikikata kwa dastikoti unakuwa umeacha 100 ya yule mtu. Mita 120 mara 100 ni 12,000. Kama ingekuwa kitambaa unachotumia kila wiki ningekuambia andika 180, bei ya kununua kingine, manake ukikitumia leo kesho utaenda kukirudisha kwa stoo. Kwa hivyo kitambaa kilekile kinaweza kuwa na bei tatu, ya jana, ya kukinunua tena na ya kukiuza, na ya jana ndio haina kazi.

Oda yote inataka mita 500. Umetoa 120, unabaki kununua 380 kwa 180, hio ni 68,400. Vifungo na uzi 8,000. Stima 2,000. Na kuna kitu ulisahau, nani atapeleka hizi dastikoti? Pikapu ya kupeleka shuleni weka 3,500. Jumla:

12,000 + 68,400 + 8,000 + 19,500 + 2,000 + 3,500 = 113,400.

Shule inalipa 780 mara 200, 156,000. Inabaki 42,600. Kama uko kwa ile kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, iliyotoka 1% ikawa 3% Julai 2023, hio pia inasonga kwa sababu inakatwa kwa kila mauzo, toa 4,680, unabaki na 37,920. Si hasara ya 24,000. Ni karibu elfu thelathini na nane zenye hungekuwa nazo mwezi wenye mashine zimelala. Na sasa unajua pia mahali pa kusimama wakianza kukubembeleza uteremshe: chini ya kama 585 kwa pisi usiende, kutoka hapo kwenda juu ni yako.

Nakwambia haya nikiwa na kitu kimoja kichwani. Nilianza kazi kama karani wa gharama kwa kiwanda cha mkate Industrial Area. Usiku kutoka saa nane hadi saa kumi na moja oveni zilikuwa zinawaka bila kitu ndani, manake kuzizima na kuziwasha tena ni shida zaidi, na wale vijana wa zamu wanakaa kwa makreti wakingoja unga wa asubuhi. Akaja mtu anataka mikate ya bei ya chini kila usiku, karatasi yangu ya hesabu ikasema gharama ya mkate mmoja ni zaidi ya bei yake, nikaandika kataa, na ikakataliwa. Ndani ya ile gharama nilikuwa nimeweka rent, askari wa geti, mshahara wa meneja, na moto wa oveni uliokuwa unawaka tayari. Miezi kadhaa nikipita pale usiku joto likinipiga usoni nilikuwa naumia. Kuna mchumi wa Marekani, John Maurice Clark, aliandika tangu 1923 kwamba gharama ni tofauti kulingana na jambo unalotaka kuamua, na hao wanaosomea uhasibu, CPA ya KASNEB, wanafundishwa hivyo mpaka leo, lakini mimi nilikuja kuielewa pale mbele ya oveni.

Lakini Mama, usikimbie na hii hesabu kila mahali. Kuna mambo matatu na lazima uyaangalie.

La kwanza ni msimu. Hii ingekuja Januari shule zikifunguliwa ningekuambia kataa bila kufikiria mara mbili. Kwa simu uliniambia uwezo wenu ni kama dastikoti 350 kwa mwezi. Saa hizi mnatoa 150 kwa hivyo hizi 200 zinaingia kwa nafasi iliyo wazi, na zinaijaza kabisa, usiongeze hata kumi. Januari hakuna nafasi, ili ushone za shule lazima ufukuze kastoma 200 wa 1,100. Kila mmoja wa hao anakuachia 450 ukitoa kitambaa, vifungo, kushona na stima, hio ni 90,000 unaitupa ili upate 42,600. Oda ni ileile, bei ni ileile, jibu linageuka kwa sababu kile unachoacha kimegeuka.

La pili, hakikisha kastoma wako wa 1,100 hawatasikia 780 wakaanza kukuuliza. Shule ni soko lingine, sawa, lakini kama mwalimu wa hapo anauza pia kwa mtaa, umejiharibia. Na usifanye hii ya 780 iwe bei yako ya kawaida, kwa sababu mwisho wa mwaka landilodi lazima alipwe na mtu, na mashine zikifa utanunua zingine. Hesabu ya leo ni ya kujaza nafasi tupu, ile ya 900 bado inakungoja.

La tatu ni depozi. Mashule hulipa wakati wao. Omba nusu, 78,000. Kitambaa na vifungo ni 76,400, kwa hivyo hio nusu inakununulia vitu vyote na huendi kukopa kwa simu. Wakikataa kutoa depozi na ukope, riba ya huo mkopo inaingia kwa hesabu kama gharama nyingine yoyote, kwa sababu usingekopa kama si hii oda.

Msomee bwanako hii, asikasirike. Alikuwa anakulinda.

SWALI: Mhasibu mambo. Niko na kibanda cha chakula Pipeline, chapo ndio inaniuzia sana, 200 kwa siku. Kuna jamaa anasambaza chapo zimeiva ataniletea kwa 13 moja. Mimi nikipika natumia unga pakiti 10 kwa 170, mafuta 400, gesi 250, kijana wa chapo 800, na rent ya siku 150. Hio ni 3,300, yaani 16.50 kwa chapo. Si afadhali ninunue, naokoa 700 kila siku? Shida tu huyo kijana ni binamu yangu na ndiye anaosha vyombo na kusaidia lanchi, siwezi mfuta.

JIBU: Ndugu yangu, ile shida uliyoiweka mwisho ndio jibu lenyewe. Ukinunua chapo, ni nini kitaacha kutoka? Unga 1,700, mafuta 400, gesi 250. Hio ni 2,350. Binamu bado anachukua 800 yake, rent bado ni 150. Halafu unampa jamaa 13 mara 200, 2,600. Kwa hivyo hauokoi 700, unapoteza 250 kila siku, na ukifanya kazi siku 26 hio ni 6,500 kwa mwezi imeenda bila kuiona.

Ningekuwa naandika juu ya karatasi tu ningeishia hapo. Lakini asubuhi nzima binamu amesimama kwa hio jiko akisukuma na kugeuza, na jiko ni moja. Kama akiachiliwa hio asubuhi anaweza kukaanga samosa ama mandazi, na baada ya kutoa unga na mafuta zikakuachia zaidi ya 250 kwa siku, basi nunua chapo. Samosa ikikuachia shilingi tano, ni samosa hamsini na moja unatafuta, Pipeline asubuhi na watu wanakimbilia steji sidhani ni ngumu. Jaribu wiki moja, usisaini kitu na huyo jamaa. Na onja chapo zake zikiwa zimekaa masaa mawili, kwa sababu kastoma akija saa nane akapata chapo imekauka kama kadibodi, haondoki na chapo tu, anaondoka na sahani ya madondo pia.

SWALI: Nina saiba Ngara. Mashine ya kufotokopi nilinunua mtumba 140,000, imeshakula 45,000 ya kutengeneza. Fundi anasema 38,000 tena na itakuwa sawa miezi sita. Ikiwa sawa inaniingizia 9,000 kwa mwezi nikitoa karatasi na tona, na baadaye naweza kuiuza 20,000. Kuna mtu anataka kuichukua vile ilivyo kwa 25,000. Lakini nikifikiria nimeweka 185,000 hapo ndani, siwezi, lazima nirudishe pesa yangu.

JIBU: Hio 185,000 naomba uifunike na kitambaa kwanza. Sikudharau, najua vile ilipatikana. Lakini ukitengeneza imeenda, ukiuza imeenda. Uingereza na Ufaransa walisaini 1962 kutengeneza ndege ya Concorde, bei ikapanda ikapanda, na sababu moja ya kuendelea ilikuwa ileile yako, tumeshaweka nyingi hatuwezi kuacha. Ilianza kubeba abiria 1976 na ikaachwa 2003, na mpaka leo wachumi wakitaka mfano wa kukimbiza pesa iliyokwisha kwenda wanaitaja hio.

Tuangalie kuanzia leo. Ukitengeneza: unatoa 38,000, miezi sita unapata 54,000, unauza 20,000, unabaki na 36,000. Ukiuza leo: 25,000. Kutengeneza kunashinda kwa 11,000. Lakini hio ni fundi akiwa amesema ukweli. Ikikufa mwezi wa nne ukaweza bado kuiuza 20,000, unabaki na 18,000, na mashine iliyokufa hakuna mtu atakupa 20,000. Fundi huyo ameshakuambia "itakuwa sawa" mara ngapi? Kama 45,000 ya kwanza ilikuwa kwa mkono wake, mimi ningeuza leo. Akikubali kuandika garanti ya miezi sita na achukue nusu ya malipo yake mwisho, hapo ni hadithi nyingine.

SWALI: Mimi ni wa mitumba Gikomba, nauza majaketi. Beli ilikuwa mzuri nikauza kamera zote, zile safi za kwanza, sasa nimebaki na majaketi 30 ya mwisho. Nikigawa bei ya beli kila moja imenisimamia 250 na watu wananipa 120. Niuze kwa hasara? Ni Februari.

JIBU: Hio 250 ni ya beli, na beli ishalipwa, iache. Linganisha 120 ya leo na kile utapata ukingoja. Juni hadi Agosti Nairobi huwa baridi na jaketi hata ya fagia, ile ya mwisho kabisa, mtu anaweza kukupa 200. Tofauti ni 80, mara 30 ni 2,400. Sasa toa pesa ya stoo: ukilipa 300 kwa mwezi kuweka huo mzigo hadi Juni, miezi minne ni 1,200, unabaki na 1,200 tu, na panya na unyevu hawalipi. Halafu 3,600 ukiipata leo unaweza kuiongezea kwa beli ya nguo za watoto na uizungushe mara kadhaa kabla ya Juni. Kama kila mzunguko unakuletea hata 500, ukizungusha mara tatu ni 1,500, kungoja kumeshindwa. Kama mzigo unakaa kwa kitanda nyumbani bure na pesa ya beli nyingine uko nayo, chagua yale kumi mazito yenye zipu nzima, uyafunge kwa gunia hadi Juni, na hayo ishirini yaachilie kesho asubuhi kwa 120 kabla jua halijakuwa kali.